Mpungati na Fungate

Maganga, mtani wangu, mjukuu wa wapagazi,

Huko uliko bila shaka umeshamkamata malaika wa kwanza uliyekutana naye, ukamuuliza bibi yake alilitamkaje neno "maji". Namwonea huruma. Mimi ni yule yule, Mwalimu Zuhura, Mzaramo uliyemwita "mla nazi" miaka yote niliyofundisha Kiswahili hapa Tabora. Nakuandikia kwa sababu uliniagiza. Ulikuwa umelala wodini, umebaki macho na mdomo tu, ukanipa daftari lako la jalada la kijani ukasema: "Lisome lote, kisha niandikie. Usinibembeleze." Nikakujibu kwamba marehemu hana sanduku la posta. Ukasema hilo ni tatizo la tarishi.

Haya, nimesoma. Lakini kwanza habari za nyumbani.

Mazishi yako yalifana. Nilipanda treni hadi Goweko na kazi yangu ya utani niliifanya barabara, maana Mnyamwezi akizikwa bila Mzaramo kumcheka, huyo kazikwa nusu. Nilivaa kofia yako ya pama, nikabana daftari kwapani, nikawa napita kwa waombolezaji nikiwauliza kwa sauti yako ile ya puani: "Samahani, neno hili bibi yako alilitamkaje?" Nilipoletewa chai nikaisukuma kwa mikono yote miwili, "Asante, mimi dini yangu chai hapana, nipe maji ya moto na sukari." Mkeo alikuwa amejikunja mkekani tangu asubuhi. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia peke yangu, na hilo nakwambia kwa kuwa ulikataza kubembelezwa.

Karanga zimekubali. Alizeti ndiyo usiseme. Na yule jirani aliyetangaza kijiji kizima kwamba umerogwa ulipong'oa tumbaku, mwaka huu kapanda alizeti ekari nzima, tena kaja kumwomba binti yako Kabula mbegu. Kabula kampa. Mimi ningemwimbia kwanza.

Maana ulitutoa jasho, Maganga. Wewe uliyekuwa unapanga madaraja ya tumbaku, mtu wa kushika jani gizani ukalitaja ni la daraja gani, ukaenda Dar es Salaam kumwona mwanao, ukarudi Mmormoni. Kisa vijana wawili wa shati jeupe na tai waliokukuta barazani. Ukaacha tumbaku, ukaacha chai, ukaacha na kahawa ambayo hata hukuwa unainywa. Goweko hakukuwa na kanisa lenu, ukawa unasali sebuleni, wewe na Kabula, na mkeo Mmoraviani akipita katikati yenu kwenda kanisani kwake.

Mimi Mwislamu, dini yako sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulianza siku ulipoteremka kwenye treni na daftari. Ukanieleza kwamba maandiko yenu yanasimulia ukoo uliotoka Yerusalemu karne nyingi kabla ya Yesu, ukavuka bahari mpaka Amerika, ukazaa mataifa huko. Na kwamba wewe, Maganga wa Goweko, utasaidia kulithibitisha jambo hilo kwa maneno. Ulikuwa umejifunza Kiebrania kwenye simu ya Kabula. Ukafungua ukurasa wa kwanza ukasoma kama karani wa mahakama: damu, kwao *dam*. Roho, kwao *ruakh*. Nafsi, *nefesh*. Kaburi, *kever*. Saba, *sheva*. Tisa, *tesha*. Ukafunga daftari, ukanitazama kama mtu aliyekamata simba kwa mkono. "Kama wana wa Israeli wamefika mpaka kwenye ulimi wetu, Amerika watashindwaje?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wallahi, mtani, nisamehe. Maneno hayo yote ni ya Kiarabu! Mimi nimechapwa bakora madrasa kwa ajili yake. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo lazima wafanane. Na Kiarabu hakikushuka kwenu kutoka Yerusalemu. Kilipanda kutoka kwetu pwani, kwa mguu, kikalala Ugogo, kikafika Tabora juu ya mabega ya babu zako. Walienda na pembe wakarudi na shanga, kaniki na "saba". Ni mzigo ule, nikakwambia, wewe umeusahau mgongoni ukadhani umezaliwa na nundu.

Ulikasirika. Ukamaliza maji yako ya moto, ukaondoka bila kuniaga.

Wiki iliyofuata ulirudi. Hilo ndilo nililokupendea, kwamba ulirudi kila mara. Nikakuonyesha namna udugu wa lugha unavyotazamwa, kwamba hautazamwi kwa neno moja moja lililofanana sura, bali kwa tabia. Sisi tukisema mtu, ninyi munhu. Sisi watu, ninyi banhu. Kitu, kinhu. Kwenye maneno ya namna hiyo, pale penye t yetu, nh yenu ipo inasubiri, haikosi. Hiyo ni tabia ya ukoo. Kufanana peke yake kunaweza kuwa ni udugu, kunaweza kuwa ni kuazima, kunaweza kuwa ni bahati tu. Ukasikiliza, ukasema taratibu, "Kama tumbaku. Rangi haitoshi, lisugue jani." Nikasema ndiyo, baba, sasa yasugue na hayo ya Amerika.

Ukayasugua kweli. Kabula akawa anakutafutia kwenye simu, wewe unanakili. Ukakuta wapo wasomi wa dini yenu walioorodhesha maneno ya wenyeji wa kule wakidai yana Kiebrania ndani yake, na wasomi wengine wa lugha, walio wengi, wakasema orodha hizo hazijasimama. Ukakuta wachimbuaji wa mambo ya kale hawajaona farasi wala vyuma mnavyovitaja, si kwa wakati huo. Yote uliyaandika, hata yaliyokuuma. Nikakubana: hapa Tabora wafanyabiashara wa pwani walikuwa wachache, na hawakukaa sana, lakini tazama maneno waliyoacha, tazama miembe waliyoacha. Taifa zima likae kule miaka elfu, lisiache hata jina la sufuria?

Na wewe ukanijibu, sisahau, tumesimama stesheni treni inajikokota kuingia: "Mzaramo, njia ya msafara ikiachwa huota nyasi. Usipoiona si kwamba hakuna aliyepita."

Ukapanda behewani. Ndipo nikakufuata dirishani napiga kelele: "Sawa, lakini usinionyeshe nyasi ukaniambia ndizo nyayo!" Abiria walidhani nakudai talaka.

Kisha lile jina. Nakiri, lile lilinikaa kooni. Kwenye maandiko yenu ukoo ule unapita Uarabuni na kumzika mtu mahali penye jina lenye N, H na M. Na huko Yemen kuna mawe ya kale yamechongwa herufi hizo hizo, jina la kabila. Siku ile hata sikukutania. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo. Nilipokuja kujibu nikasema maandishi ya kale yale hayaonyeshi irabu, na konsonanti tupu zinavaa nguo yoyote: M, G, N, G ni Maganga, na ni mgongo vilevile. Watoto wako wakakuita Baba Mgongo mwezi mzima. Lakini ulikuwa na haki ya kulishika lile, na mimi nilikuwa na haki ya kusema kwamba jina la mahali likiwa la kweli, bado hadithi iliyopita mahali hapo haijathibitika. Tuliliacha hapo. Liko hapo hadi leo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipobanwa.

Juma lililopita Kabula alikuja kwangu. Shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, akakaa, akatoa bahasha. Anataka daftari lako lichapishwe kijitabu, kigawiwe kwenye kumbukumbu yako, kwa ndugu na kwa wale wenzenu watakaokuja kutoka Dar. Jalada ameshalichora: jina lako, na chini yake *Maneno Yanathibitisha*. Na chini kabisa mstari mtupu, pa mimi kuweka sahihi: *Imehakikiwa na Mwalimu Zuhura*. "Baba alisema hakuna anayejua maneno kama wewe," akasema. Macho yake yamevimba bado, Maganga. Ana namna yako ya kushika kalamu kama jembe.

Ningesema nini? Nikitia sahihi, nimeongopa juu ya jambo la pekee ambalo hatukuwahi kuongopeana. Nisipotia, nimemzika baba yake mara ya pili, na safari hii bila utani. Nikamwambia anipe siku tatu. Siku tatu nzima nimekutukana, sikufichi. Nilikuita punda wa msafara. Kwa nini uliniachia mimi? Si ungempa Mgogo, mtani wako mwingine!

Nikasoma tena ukurasa kwa ukurasa, natafuta hata pa kuegemea. Ndipo nikafika mwisho, nikaona karatasi ya ndani ya jalada la nyuma imegandishwa kwa ugali. Nani anagandisha karatasi kwa ugali karne hii kama si wewe? Nikaibandua kwa kisu cha siagi. Ni mwandiko wako wa wodini, umelalia upande.

Juu umeandika saba na *sheva*, ukazikata kwa mstari mmoja mnyoofu. Pembeni: *Mtani kashinda. Hizi ni za msafara.* Damu umekata. Roho umekata. Nafsi, kaburi, tisa, zote. Hukuwa umeniambia! Mwaka mzima ulinibishia, kumbe wodini umezikata. Chini yake umeandika: *Ya Amerika sijaona jani lililosuguliwa likabaki rangi. Naamini, lakini sikuamini kwa sababu ya maneno. Niliamini kwanza, maneno nikayatuma yanifuate. Hayakufika.*

Halafu umeruka mstari, ukaandika kwa herufi kubwa:

*Bibi hakusema saba. Alisema MPUNGATI. Na pwani bibi arusi akifungiwa ndani siku saba huitwa nini? FUNGATE. Hili halikuja na msafara. Lilikuwepo kabla ya njia.*

Maganga, nilikaa chini sakafuni. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nimekaa fungate mwenyewe, nimepakwa liwa, nimeimbiwa. Nimekusikia ukihesabu mbuzi kwa Kinyamwezi, itandatu, mpungati, sijui mara ngapi. Wala sikusikia. Bwana wa kufananisha vitu vya Yerusalemu na Amerika ndiye aliyekuja kusikia kilichokuwa kati ya Goweko na kwetu.

Kabula alikuja siku ya tatu. Nilimpa ukurasa. Alisoma amesimama, akasoma tena amekaa. Nilikuwa nimejiandaa kumshika. Akacheka, Maganga! Kicheko chako kile cha kukohoa. Akasema, "Na mimi aliniambia nisitilie chumvi." Kisha akalia kidogo, nikamchemshia maji ya moto na sukari, nami nikanywa hayo hayo kwa mara ya kwanza. Hayana maana kabisa. Uliwezaje?

Anaendelea kusali sebuleni kwenu. Nilimuuliza kama ukurasa umemtikisa, akasema sala yake haikuwa imefungwa kwenye daftari. Mimi bado siamini mnavyoamini, na Kabula anajua, na bado aliniachia zawadi ya mche wa mchungwa.

Kijitabu kinachapwa. Maneno yanayothibitisha yameondoka kwenye jalada, sasa kinaitwa *Maneno ya Bibi wa Goweko*, na ndani yamo yote: uliyoandika, uliyokata, na lile jina la Yemen likiwa limeachwa wazi na alama ya kuuliza. Kwenye ule mstari mtupu nimetia sahihi. Wino umenitoka mwingi, lakini ni sahihi yangu, na si ya uongo.

Sasa neno la mwisho la ukurasa ule, uliloliandika dogo pembeni kabisa, karibu na ugali, ukidhani sitaliona: *Kumbe Mzaramo si mtani wangu. Ni dada. Asijue, ataacha kunitania.*

Nimejua.

Kwa hiyo sikiliza, kaka. Nakuja Goweko kabla ya mvua. Nitakaa nyumbani kwako siku saba kamili, tumalizie na Kabula maneno uliyobakisha, kuanzia mpungati kwenda mbele. Kila asubuhi nitapita kaburini kwako na kikombe cha chai ya rangi, nitainywa mbele yako kwa kelele, nifyonze mpaka ukasirike. Nimeahidi. Dada mtu haachi kutania, anaanza upya.

Lala salama, Baba Mgongo.

Dada yako,
Zuhura