Nilimchukua Wangu, wa Jirani Nikamwacha Kwenye Kona

Bi Mejumaa mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie maana nimefika pabaya na sina wa kumwambia, mume wangu Wekesa yuko zamu bandarini na hata akiwa nyumbani husema mambo ya nasari ni yangu mimi niliyeyataka, na kweli niliyataka. Tunakaa Tudor, mtoto wetu Jeremy ana miaka minne, na nasari mpya ilipofunguliwa karibu na kwetu nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, kwa sababu ungeiona ungenielewa, geti jeusi lenye nakshi za dhahabu, watoto wanavaa tai na soksi za magotini, Kiswahili marufuku ukishavuka geti, mwisho wa mwaka kuna mahafali ya majoho na kofia za mraba, na kila asubuhi Direkta Nicanor anatutumia kwenye simu picha za watoto wakipanga matofali ya rangi, nami nazipeleka kwa ukoo mzima Bungoma ili wajue Mombasa hatukuja kuota jua.

Nikachaguliwa mwenyekiti wa wazazi, nikapewa na beji, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo mpaka nikamshawishi jirani yangu Tasleem, mke wa Gaffar mwenye duka la vitambaa, amtoe binti yake Aliza kwenye nasari ya shangazi yake kule Kibokoni, ambako watoto hushinda wakichezea mchanga na maji na kuimba na kurudi nyumbani wachafu. Nilimwambia, "Tasleem, mtoto huyu atasoma lini? Mchanga una mtihani?" Akacheka, akaona haya, akamhamisha.

Basi Jeremy, ambaye alikuwa akisema mpaka usingizini, akaanza kunyamaza. Akirudi anakaa kitini mikono kifuani, nikimuuliza leo mmecheza nini anaweka kidole mdomoni, nami badala ya kushtuka nikamwita Wekesa aje aone adabu, na wageni wakija nilikuwa namwambia awaonyeshe.

Wiki iliyopita stima ilipotea ofisini tukaruhusiwa mapema, nikasema nipite nimchukue mtoto. Mlinzi, Joab, akanizuia getini, "Mama, wazazi wanakuja kwa miadi." Nikamwonyesha beji. Bi Mejumaa, nilifungua mlango wa darasa nikapigwa na joto na harufu ya mkojo. Watoto walikuwa wamejazana, wamelaza vichwa mezani mchana kweupe, televisheni inapiga kelele, mwalimu yuko dirishani anasukwa nywele na mwenzake, na yale matofali ya picha yako juu ya kabati, nailoni yake hata haijatolewa vizuri. Kwenye kona, uso ukutani, alikuwa amesimama Aliza na gauni limelowa. Mwalimu akaniambia bila wasiwasi, "Aliomba choo kwa Kiswahili. Lazima wajifunze."

Aliza aligeuka akaniona. Akasema, "Aunty." Nami nikamshika Jeremy wangu mkono nikatoka. Nikamwacha. Sijui kwa nini, nafikiri niliogopa kwamba nikimchukua itabidi nieleze. Jioni ile Tasleem akaniletea sambusa, ananishukuru kwa kumtafutia mwanawe shule, nikazipokea, nikazila. Tangu siku ile Jeremy sijampeleka, nimesema ana homa, na Tasleem ananiambia Aliza amerudia kukojoa kitandani na asubuhi anashikilia mlango asitoke, ananiuliza kama Jeremy naye alipitia hayo. Na juu ya yote Direkta ananitaka nihutubu siku ya mahafali. Nishauri, nimhamishe wangu kimya kimya niseme tunahama mtaa? Na Kiingereza chake hakitapotea? Nitasema nini kwa watu?

Nasipwondi, Tudor

JIBU LA BI MEJUMAA

Marahaba, Nasipwondi. Ukurasa huu hutoka Ijumaa, na barua yako ilinifikia Jumatatu. Sikungoja. Wewe una muda wa kufikiri utasema nini kwa watu, lakini yuko mtoto anayesimamishwa ukutani, basi nilichukua nambari yako nikakupigia papo hapo. Wasomaji wangu nao wana haki ya kujua yaliyofuata, na wewe na Tasleem mmeridhia majina yenu yachapwe. Jina la nasari gazeti limeliondoa, na la Direkta limelibadilisha, maana bwana huyo, ambaye hakupata nafasi ya kuwanunulia watoto sabuni, ana wakili hodari sana.

Nilikwambia: kata simu, vuka korido, gonga mlango wa jirani yako. Usianze na "unajua" wala "mimi pia nilidanganywa". Ulikwenda, nakupa haki yako. Ulimkuta amekanda unga, mikono imejaa unga haishiki kitu, ukamwambia yote umesimama. Hakupiga kelele. Alikuuliza neno moja tu: "Alikuona?" Ukajibu, "Ndiyo, aliniona." Akafunga mlango. Ukanipigia ukilia kwamba umepoteza rafiki. Huenda. Ulidhani mlango ungefunguliwa zaidi?

Asubuhi akakugongea yeye. "Vaa viatu," alisema, "tunakwenda." Mkaenda nyote wawili, na njiani mkawapitia wazazi wengine. Direkta Nicanor akatoka na suti yake, akawaambia wazazi huja kwa miadi. Tasleem akamjibu, "Na mwanangu alipotaka choo, naye alihitaji miadi?" Mwanamume akaanza kujitetea kwa Kiingereza, akamalizia kwa Kiswahili alichokipiga marufuku. Mlango ukafunguliwa, kila mzazi akaona kwa macho yake, na taarifa imefikishwa kwa ofisi ya elimu ya kaunti, ambayo imeahidi kwenda kukagua. Wazazi kadhaa wametoa watoto wao, Tasleem akiwa wa kwanza. Wengine wamewarudisha siku ya pili, wanasema hapa na pale pana kasoro lakini zile tai zinapendeza. Direkta naye amechukua hatua: ameagiza bango kubwa zaidi.

Sasa maswali yako. Kuhama mtaa: hapana. Kuhutubu: ikiwa mahafali yatakuwepo, kataa, kisha waandikie wazazi wote kwa nini umekataa, na beji uirudishe. Kiingereza: mwanao hana Kiingereza cha kupotea. Ulimpeleka akiwa na maneno mengi, ukarudishiwa bubu, ukawaita wageni waje kushangilia. Mtoto wa miaka minne umemfunga tai kama karani wa benki, katika joto hili la Mombasa, ili nani amwajiri?

Sikuchukii, mwanangu. Najua ulitaka mema, na wanaokaa mbali na kwao huwa na hamu ya kutuma picha nzuri. Lakini nasari haichaguliwi getini. Nenda bila miadi, saa za kazi. Nusa. Tazama choo. Tazama kama mwalimu anachuchumaa akisema na mtoto au anapiga kelele toka mbali. Mtoto akianguka, angalia anamkimbilia nani. Na tazama mikono ya watoto: ikiwa safi mchana kutwa, hakuna walichofundishwa. Mtoto anayepima maji kwa kikombe anasoma hesabu, anayegombania zamu ya kuimba anasoma kuishi na watu. Jeremy mpeleke pahali pa namna hiyo, na nyumbani mzungumzishe kwa lugha yoyote inayomtoka, hata ikiwa ni kelele tu.

Limebaki moja, na ndilo zito. Tasleem umemwomba radhi, Gaffar umemwomba radhi, mpaka mimi nisiyehusika umeniomba radhi. Aliza je? Yeye ndiye aliyekuita, na wewe ndiye uliyempa mgongo. Nenda leo hii, ukiwa na ruhusa ya mamake. Usibebe chokoleti. Kaa chini sakafuni, umtazame machoni, umwambie, "Uliniita nikaondoka. Nilikosa. Hukufanya kosa lolote." Kisha unyamaze, umwache aseme lake, na akikataa kusema na wewe, hiyo ni haki yake.