Risasi Shavuni mwa Jory

Kwa dada yangu mpenzi Jenefer,

Samahani kwa wino uliomwagika hapa. Sasa hivi mwanangu Wilmot alikuwa na risasi ya bunduki mdomoni. Nimeichokoa kwa kidole, naye akacheka na kuvimbisha shavu, eti anamwigiza baba yake. Hajambo, ana meno sita. Mimi pia sijambo, nimekonda tu. Mama anaendeleaje na kifua chake?

Leo tunaikabidhi ngome. Farasi wa mwisho tulimla Jumapili. Unakumbuka kikosi chetu kilivyovuka mto Tamar kumpigania Mfalme, wachimba bati na wakulima zaidi ya elfu, makoti ya buluu mapya, nawe ukaziba masikio kwa kelele za ngoma? Asubuhi wamehesabiwa, wamebaki themanini na mmoja.

Jeshi la Bunge lililotuzingira limekubali watoke kwa heshima, bendera juu, kila mtu na risasi moja shavuni kama askari aliye tayari kupiga, kisha waende makwao. Isipokuwa aliyewahi kuwa askari wao akahamia kwetu. Huyo ananyongwa.

Dada, kuna jambo nilikuficha. Mume wangu Jory alikuwa askari wao. Tulimteka kwenye vita vya Lostwithiel, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji. Alitaka kurudi kwao Devon. Nikalia, nikamwambia avae koti letu tuoane, akavaa. Kosa ni langu, Jenefer.

Na sajenti wake wa zamani ndiye amesimama langoni, anamuuliza kila mtu jina. Jory akifungua mdomo tu, lafudhi yote ya Devon inatoka. Kwa hiyo nimemnyoa ndevu, nikamwambia risasi asiitoe shavuni hata iweje, wenzake watamjibia jina. Kikosi kizima kinajua, wala hakuna aliyesema. Bersaba, mke wa sajenti wetu, kanitania, "Bahati yako, Tamsin, leo umepata mume bubu!" Tumecheka mpaka machozi.

Sisi wanawake tumewekwa nyuma na mizigo. Sioni kitu, nasikia ngoma tu. Lakini atapita, najua atapita. Kesho kutwa tutakuwa kwenu, tuwekeeni uji mzito. Mwambie mama kwamba Wilmot kachukua pua yake. Wasalimie wote, nami ni mdogo wako

Ngoma imenyamaza. Ngoja, Bersaba ananiita, anasema niache kila kitu nikimbie, Jory wamemsimamisha langoni, ametema risasi, anajibu mwenyewe na