Aliyekuwa Akijibu kwa Jina Lako

Mwaka umegeuka, mpendwa wetu, tangu ulipotutoka, na nyumba bado inakusikilizia kama mtu aliyechelewa tu kutoka kazini.

Wengi walikuita Mama Vitabu, hata wale ambao hawakuwahi kukuona uso kwa uso. Sisi tulioishi nawe tunakukumbuka kwa mambo madogo: ulivyosoma umesimama jikoni mpaka sufuria ikaungua, ulivyoshindwa kumpita mtu mwenye kitabu mkononi bila kumuuliza amefika wapi, na kicheko chako kilichotangulia mzaha wenyewe, ukawa umeshamaliza kucheka kabla hatujajua tunacheka nini.

Kazi yako ya ukutubi uliipenda, lakini ilikuumiza siku ile msomaji mmoja alipotoka mbali kufuata kitabu, akakuta kimeazimwa. Hakugomba. Alikuambia tu kwamba kazini hawatampa ruhusa nyingine. Ulirudi nyumbani hukutaka kula. Ndipo ulipofungua ukurasa wa maktaba mtandaoni na kundi la wasomaji kwenye simu, mtu akawa anauliza kwanza kabla hajavaa viatu, nawe unamwekea kitabu chake kaunta. Vitabu vipya ukavipiga picha. Ukawapigisha wasomaji kura kuhusu saa za kufunga, na walipochagua jioni, ukamganda mkubwa wako mpaka mlango ukawa unabaki wazi hadi watu watoke kazini. Wasioona uliwasomea kwa sauti, kurasa chache chache, ukawatumia. Ulisema maktaba inayongoja kuulizwa ni ghala.

Mkubwa wako hakukubaliana nawe. Ndiye yule mkuu wa maktaba ambaye wasomaji walimpa jina la Bwana Kimya, kwa sababu hata mtu akikohoa alimtazama kama amevunja kioo. Kwake yeye mitandao ilikuwa kijiwe cha umbea, na alikuonya kwamba siku moja ukurasa wako utamletea aibu.

Na dada yako mkubwa, fundi cherehani, naye unamjua. Akiletewa zawadi huigeuza kwanza aone mshono wa ndani. Alikuuliza mara ngapi, hao watu unaochekeana nao kwenye simu unawajua ni akina nani? Ukamjibu kwamba ni wasomaji. Akasema hata mwizi anajua kusoma.

Leo tunataka kukusimulia yaliyompata dada yako baada ya wewe kuondoka, maana hukuyaona.

Ugonjwa ulikuchukua upesi. Tulipotoka kukuzika, dada aliulizia simu yako, na haikuonekana. Sisi tulikuwa na mengine ya kulia. Yeye akaanza kuwapitia moyoni watu wote walioingia chumbani mwako, mmoja baada ya mwingine.

Hata machozi hayajakauka vizuri, binti yako akamwonyesha ukurasa wa maktaba. Palikuwa na maneno mapya: "Karibuni wasomaji wangu, njooni na miwani yenu na subira yenu." Ndivyo ulivyokuwa ukiwasalimu. Chini yake mtu aliulizia kitabu cha ufugaji nyuki, na Mama Vitabu akamjibu kwamba kipo, kimewekwa.

Dada alivuta kiti. Akakaa, akasoma tena. Kisha hasira ikampanda: aliyeiba simu sasa anajifanya wewe, na kesho ataanza kuwaomba watu pesa kwa jina lako.

Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, na akaanza na sisi. Binti yako alihojiwa mpaka akalia. Mume wako hakuhojiwa, alichunguzwa, jambo ambalo ni baya zaidi. Dada aliona kwamba shemeji yake kila jioni anajifungia bafuni, bomba linamwaga maji, na akitoka hana hata tone mwilini. Jioni moja akaenda kusimama mlangoni. Nyuma ya sauti ya maji akaisikia sauti yako.

Aligonga kwa ngumi. Mume wako akafungua, simu yako mkononi. Hakuwa akimwandikia mtu yeyote, wala neno la siri la ukurasa wako hakulijua. Zilikuwa ni zile kurasa ulizowarekodia wasioona, na yeye alikuwa akizisikiliza.

"Nilijua mkijua ninayo mtaniomba," alimwambia dada. "Sikutaka kugawana."

Dada aliingia bafuni akafunga bomba, akaenda zake kwenye cherehani, na tangu jioni ile hakuna aliyemuulizia mume wako habari ya simu.

Lakini ukurasa uliendelea kusema. Kama si simu, basi ni maktabani kwenyewe, na dada alikuwa na hakika kuna mfanyakazi aliyekuwa akikimezea mate kiti chako tangu zamani. Bwana Kimya hakumfikiria hata kidogo. Adui wa ukurasa atauandikiaje?

Akaamua kumtega. Alijiandikisha kama msomaji kwa jina la Sindano, akauliza mbele ya watu: "Mama Vitabu, leo umecheka mara ngapi?" Ungekuwa wewe, ungemjibu kitu cha kumfanya auangushe mkasi. Jibu lililokuja lilisema hilo si swali la maktaba, na kama anahitaji kitabu ataje jina lake. Dada akaguna. Huyu si mtu wa masihara. Akaomba kitabu cha ukataji wa vitambaa. Akajibiwa kwamba kipo, na kwamba toleo jipya zaidi lina michoro mikubwa inayosaidia macho yaliyochoka. Je, awekewe lipi? Swali hilo lilimkera zaidi kuliko matusi, kwa kuwa lilikuwa zuri, na macho yake kweli yalikuwa yamechoka.

Akaenda. Alivaa gauni la kazi, na tepu ya kupimia shingoni, ili aonekane mteja wa kawaida. Chumba kilikuwa kama ulivyokiacha: meza ndefu, feni inayoyumba, wasomaji wameinamisha vichwa. Kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako, alikaa Bwana Kimya. Miwani ameipandisha kwenye paji la uso na uso ameukaribisha kwenye kioo, anachapa kwa kidole kimoja, na kila herufi anaitafuta kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

Dada alisogea kaunta akasema amemfuata Mama Vitabu, amewekewa kitabu kwa jina la Sindano.

Mzee alikileta kitabu. Dada hakukipokea.

"Nataka nikipokee kwake. Asubuhi tumeongea."

Bwana Kimya alitazama wasomaji, akatazama mlango. Akaiteremsha miwani akaivua kabisa.

"Mama Vitabu amefariki, mama. Aliyekujibu ni mimi."

"Najua amefariki," dada alisema. "Nguo aliyozikwa nayo niliishona mimi."

Wasomaji waliinua vichwa, na kwa mara ya kwanza mzee hakuwatazama vibaya. Alimvutia dada kiti. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba alipotoka mazishini alikuja moja kwa moja kukaa pale ili aufunge ule ukurasa, kama alivyotaka siku zote. Ulikuwa wazi kwenye kompyuta pamoja na lile kundi, umeviacha hivyo. Akakuta mama mmoja anayeuguza mtoto ameulizia kama kitabu chake kimerudi. Mzee akaona hawezi kumfungia mtu mlango usoni. Akainuka, akakikuta rafuni, akamjibu. Alipokaa, mwingine alikuwa ameuliza. Hakuwahi kujua, alisema, kwamba watu wengi hivyo walikuwa wanaitumia maktaba yake bila yeye kuwaona.

Mwanzoni aliandika kwa namna yake: kitabu kipo, kifuateni. Hakuna aliyekuja. Ndipo aliporudi nyuma kusoma mazungumzo yako yote, aone ulikuwa ukiwaambiaje, akachukua salamu zako. Akaogopa kusema kwamba umekufa. Wakubwa zake walikuwa wakitafuta sababu ya kuifunga maktaba mapema kama zamani, na wasomaji wakitawanyika sababu itakuwa imepatikana.

Dada alimsikiliza akiikunja na kuikunjua tepu yake. Alitafuta uongo katika maneno yale kama anavyotafuta mshono mbovu, na alipokosa kuupata, bado hakuridhika.

"Maneno yake tumia," alisema mwishowe. "Hayo aliyagawa mwenyewe. Jina lake rudisha."

"Wataondoka."

"Waondoke wakijua."

Na hakuinuka pale mpaka mzee alipoandika, kidole kimoja kimoja, naye akisoma juu ya bega lake asidanganywe. Mzee aliwaambia wasomaji kwamba Mama Vitabu amefariki, kwamba tangu hapo anayewajibu ni mkuu wa maktaba, yule waliyezoea awanyamazishe, na kwamba anaomba radhi. Mwisho akaongeza kuwa vitabu vilivyoagizwa vipo. Dada alitaka kuiondoa hiyo ya mwisho, akaiacha.

Walikaa wakitazama kioo. Baadaye mmoja aliandika kwamba wamefanywa wajinga, akajitoa kwenye kundi. Mwingine akamfuata. Mzee hakusema "nilikuambia", na dada akatamani aseme.

Ndipo ikaingia sauti iliyorekodiwa. Ilikuwa ya msomaji asiyeona, na mzee aliifungulia hapohapo, mbele ya chumba kizima. Mtu huyo alisema kwamba yeye alijua zamani, kwa sababu Mama Vitabu asingewaacha katikati ya sura. Alikuwa akingoja tu mtu mwenye adabu aje amwambie. Akatoa pole kwa nduguzo, kama wapo wanaosikia.

Hapo dada yako alilia. Hakulia hospitalini, wala kaburini. Siku zote zile alizokuwa akimsaka mwizi, kulikuwa na pembe ya moyo wake iliyoshuku kwamba labda si mwizi. Labda ni wewe kweli, umejificha mahali, unajibu. Pembe hiyo ndiyo iliyompeleka maktaba. Bwana Kimya alimwacha alie kwa sauti, ndani ya maktaba, na hakuna msomaji aliyethubutu kugeuka.

Mlango bado unabaki wazi hadi jioni. Waliojitoa, baadhi wamerudi. Sasa majibu yana jina la anayejibu, na dada huyapitia kila siku akiwa kwenye cherehani, akikuta kosa anaandika.

Unakumbukwa na mume wako, ambaye siku hizi anatusikilizisha sote sauti yako sebuleni. Na binti yako, aliyekwisha kumsamehe mama yake mkubwa. Na dada yako, ambaye ameshaamini. Na wasomaji wako ambao hatutawajua nyuso.

Pumzika, Mama Vitabu. Tutakukumbuka siku zote tutakazopewa.