Waliniweka Mbele

Dada yangu mpenzi,

Nakuandikia kibandani huku mlimani, soksi zangu zikikauka karibu na jiko. Leo tumepanda kutoka kibanda cha chini, mimi na wenzangu wa duka la mikate. Waliniweka mbele, nikavimba kichwa, najiona kiongozi. Kumbe mlimani mwenye mwendo wa polepole ndiye hutangulizwa ili asiachwe! Nilipojua nikanuna. Mwokaji mkuu akacheka: "Tembea, bosi, tuko nyuma yako."

Tumefika wote. Maji nimekunywa kama ulivyoniagiza, na kovu haliniumi. Lako je? Usinifiche.

Figo ulilonipa limeona theluji leo, dada. Nilisimama makusudi, nikalionyesha.

Mdogo wako,
anayekushukuru kila aendapo msalani.