Kiti Changu kwenye Ndege ya Shinyanga

Jilala, uko kwenye waya? Gonga mara moja nijue unanisikia. Achana na telegramu za bei ya pamba kwanza.

Ndege imeruka. Mimi nimebaki Geita! Nakugongea hapa ofisini na suti ya kuazima mwilini.

Nimeshushwa, Jilala. Nilishakaa kitini, na mkanda nimefunga. Rubani akaja: "Theonest, shuka, uzito umezidi." Wakanipima kwenye mizani ya pamba mbele ya wachimbaji wote, wanacheka. Nikavua koti. Nikavua viatu. Akasema bado.

Halafu mke wa meneja wa mgodi akampandisha mbwa wake. Mbwa! Kwenye kiti changu! Eti anapelekwa kwa daktari wa mifugo. Lile jibwa linashiba nyama kila siku, na wala halikupimwa.

Sasa sikia. Lori kutoka hapa mpaka kwenu ni kutwa nzima, lakini ndege ni nusu saa tu, na imeshaondoka. Baba yake mchumba wangu Scolastika yuko uwanjani hapo Shinyanga na ukoo mzima, kumpokea mkwe anayeshuka kutoka angani. Mimi mwenyewe ndiye niliyewatangazia, maana mzee alisema karani wa simu kama mimi hana lolote. Mlango ukifunguliwa, atashuka mbwa.

Chukua baiskeli, Jilala. Kimbia ukawaondoe pale kabla haijatua.

Mzee akiuliza, mwambie niliogopa kupanda. Aibu hiyo naiweza.