Sihami Chuoni

Jumatatu, 5 Machi 1984
Nimeamka kabla ya adhana, kama kawaida. Maji ya uvuguvugu, chumvi, mpira. Nusu saa chooni. Nikishajipiga bomba hivi, kusafisha utumbo, tumbo hutulia mpaka jioni. Siku nyingi, si zote. Eliwaza, ninayelala naye chumba kimoja hapa chuo cha uuguzi, kagonga mlango mara tatu. Ana haki. Bweni zima tuna choo kimoja kinachofanya kazi; cha uani kimeziba.

Jumatano, 7 Machi
Eliwaza na wenzake wa bweni wamenishtaki kwa matroni, kwamba nawafungia choo. Nikamweleza waziwazi. Nilizaliwa sina njia ya haja kubwa. Nikapasuliwa nikiwa kichanga, nikatengenezewa. Njia ipo, ila haibani sawasawa. Mwaka wa ishirini huu.
"Mwanangu, huku tunavaa nyeupe," akasema. "Kwa nini usisomee ualimu?"
Kwani walimu hukaa uchi? Nimeondoka na swali hilo mdomoni. Najuta.

Ijumaa, 9 Machi
Matroni kanipa hadi Jumatatu niondoke mwenyewe, bila makelele. Siondoki.
Mama kaja kutoka kijijini kwetu Mwera na mche wa sabuni. Umepenyezwa kwa magendo mpakani Horohoro, madukani hakuna. Ananisihi turudi nyumbani, tuepuke aibu. Aibu ya nani? Mimi sina. Nimelia, lakini kwa hasira.

Jumatatu, 12 Machi
Nimevaa sare, nimeingia ofisini kwa matroni. Shikamoo. Nikakaa bila kukaribishwa.
"Kile choo cha uani kilichoziba, nipeni ufunguo wake. Nitakizibua mwenyewe. Nikishindwa kazi, nifukuzeni kwa kazi. Si kwa tumbo langu."
 Nikadhani ataita mlinzi. Akafungua mtoto wa meza, akanipa ufunguo. Akasema ananipa mwezi mmoja wa matazamio.

Jumamosi, 17 Machi
Tope, nzi, kinyaa. Eliwaza kaja na ndoo na fagio bila kuitwa. Hakuomba radhi, sikumdai. Adhuhuri choo kikapitisha maji.

Jumanne, 20 Machi
Siku ya kwanza wodini. Saa tano nikahisi unyevu. Nikaaga, nikabadili nguo, nikafua, nikarudi. Hakuna aliyeniuliza.
Bibi mmoja alikuwa amejichafua kitandani, amejifunika kanga usoni.
"Shikamoo bibi. Hakuna neno, ni kazi ya maji tu."
Maji ya ndoo yalikuwa baridi. Nikayapasha kwanza. Nikamwosha taratibu, nikamtandikia shuka kavu, nikampima joto. Kisha nikaenda kitanda kinachofuata.