Sakafu Iliyotoa Vumbi

4 Machi

Baba yangu,

Sasa hivi mjukuu wako Bosi ameruka juu ya mkeka kwa miguu miwili, maji yakachuruzika pembeni, akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka nusu tu.

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila kifua cha mtoto ndicho kinasumbua. Nesi anasema hakitapona wakati maji ya mgodi wa zamani yanatujia chini kwa chini mpaka sakafuni. Mume wangu ameanza kufunga mizigo. Handaki mnalochimba huko lisipoyatoa maji hayo kabla ya masika, tunahamia kwa kaka yake, mbali. Sitaki kuhama, Baba. Lakini usivunje ule mwamba wa mwisho kwa pupa kwa ajili yetu. Nataka urudi mzima.

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, unalalamika kama shangazi yako.

Pupa hatuna. Tunatanguliza tundu jembamba kwa chuma kirefu, na kizibo cha mti kiko tayari, ili maji yasitushtukize. Juzi yakaruka! Nikapiga kelele, "Kizibo! Nani kachukua kizibo?" Watu wanatafuta, taa huku na huku. Kumbe nimekikalia mwenyewe, nimekifanya kigoda. Sasa naitwa Mzee Kizibo.

Tuliziba. Tunayapunguza kidogo kidogo ndipo tuvunje. Mwambie mkwe asikaze sana hizo kamba.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Nimefagia, na vumbi limepanda. Vumbi, ndani ya nyumba hii! Nimesimama katikati yake na ufagio kama mwehu, namshukuru Mungu, nakushukuru na wewe.

Shikamoo, hata salamu nimeisahau. Kila gari lililotoka huko kwenu nililisimamisha kuuliza habari zako, mpaka dereva wenu aliposema mmevunja, maji yamepita, wote mmetoka salama, ila mikono yako imevimba hushiki kalamu. Basi usijibu. Pumzika.

Masika yamekuja yakatukuta pakavu. Usiku nasikiliza kifua cha Bosi, sisikii kitu. Analala kama mwenye nyumba. Mume wangu amefungua mizigo bila kuambiwa.

Sijasoma sana, Baba, maneno mazuri sina. Nilitaka tu ujue kwamba kila asubuhi nikishusha mguu kitandani, nakutaja. Na Bosi akikua nitamwambia

mume wangu ananiita huko nje, anapiga kelele niache kalamu, eti ninayemwandikia yuko mlangoni